Gari Lililopelekwa Kufugwa

Mume wangu Kefa hajawahi kunisumbua kwa mwanamke. Angenisumbua kwa mwanamke ningejua pa kuanzia: ningekwenda kwa wazee wa kanisa, ningemtafuta huyo bibie nikampa yangu, na wiki isingekwisha tungekuwa tumemaliza. Mimi amenisumbua kwa gari. Gari huliwezi. Ukilitukana linakutazama tu, na mwenye nalo ananuna kama umemtukania mama yake.

Hapa Kikuyu, mtaa wetu wa Dodoma, wote wanamjua. Alikuwa dereva wa ofisi tangu siku zile Dodoma ina vumbi na ahadi tu, wakubwa wenyewe bado wako Dar. Amewaendesha wengi, wapole na wakali. Wa mwisho alikuwa mkurugenzi mmoja mnene asiyependa kutikiswa, na huyo alimwendesha miaka mingi katika sedani nyeusi ya Kijerumani, viti vya ngozi, vioo vya giza, mlango ukifungwa husikii kishindo. Kefa alikuwa analiosha asubuhi kabla hajanywa chai. Mfukoni alikuwa na kitambaa maalumu cha kulifutia vumbi, na kitambaa hicho nilikuwa nakifua mimi.

Mwaka aliostaafu, gari nalo likastaafu. Wakubwa walikuwa wamehamia kwenye magari ya juu, kwa hiyo ofisi ikaliweka mnadani pamoja na viti vibovu na majenereta. Mimi kiinua mgongo cha mume wangu nilikuwa nimeshakipangia: tumalizie nyumba, tuache kuishi na madirisha ya bati. Kefa akatoka asubuhi kwenda, alivyosema, kuwaaga wenzake. Alasiri akarudi anaendesha.

Nilikuwa barazani kwenye cherehani, nashona sare za shule, kazi ninayoifanya mpaka leo. Gari likaingia polepole, halina sauti, watu wakatoka majumbani wakidhani kuna mkubwa amepotea njia. Kefa akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango wa nyuma, ule wa mkurugenzi, akaniambia nipande. Sitaki kusema uongo, siku ile nilipanda na lilinipendeza. Tulizunguka mji mzima, nimekaa nyuma kama mke wa balozi. Tangu hapo mtaani wakamwita Mheshimiwa, mimi wakaniita Mama Mheshimiwa, na sokoni nyanya kwangu zikapanda bei.

Likakaa vizuri kwa muda. Petroli lilikunywa, tena ile ya bei ya juu, bima nayo ilikuwa ya kutisha, lakini lilikuwa linakwenda. Kisha likaanza.

Gari la mkubwa lina maradhi ya kikubwa. Magari ya wenzetu yanakalia springi, chuma. Ikivunjika unapeleka kwa fundi inabadilishwa, unakwenda zako. Hili lilikuwa limekalia mifuko ya hewa, kila gurudumu na mfuko wake. Asubuhi moja tukaamka tukalikuta limelala. Nasema limelala, tumbo chini, limeegemea upande wa kushoto kama ng'ombe anayecheua. Kefa akaliwasha. Likanguruma, likajiinua kidogo kidogo, likasimama, naye akafurahi akaenda kunywa chai. Kesho yake likalala tena.

Fundi wetu anaitwa Zaidi, ana gereji yake kule Chang'ombe. Akaingia chini, akatoka, akasema mifuko imechanika kwa uzee na jua la huku, na kwa kuwa inavuja, ile kompresa ya kuijaza hewa haipumziki, nayo itaungua. Iliungua kabla hatujamaliza kubishana kuhusu mifuko. Spea zake Dodoma hakuna. Unapiga simu Dar, unatuma fedha, mtu usiyemjua anakuwekea boksi kwenye basi, unakwenda kulipokea stendi ukiomba Mungu ndani kiwe ndicho. Mara ya kwanza kilikuja cha upande wa kulia.

Mifuko ikapona, giaboksi ikaugua. Tulikuwa tunatoka msibani Hombolo, likafika gia ya tatu likagoma. Halipandi, halishuki. Tulirudi nyumbani kwa gia ya tatu, baiskeli zinatupita. Zaidi akaunganisha kile kimashine chake cha kupimia, kikasoma makosa mengi kuliko ya wana wa Israeli jangwani. Giaboksi ikashushwa, ikapelekwa Dar, ikarudi. Halafu kioo cha dirisha la dereva kikazama ndani ya mlango kikakataa kupanda. Halafu bushi za mbele. Halafu taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi ikakataa kuzima, Zaidi anabadilisha sensa hii, taa inawaka kwa sababu ya sensa ile. Nikawa naijua gereji ya Zaidi kuliko ninavyoijua nyumba ya dada yangu.

Nikamuuliza Kefa fedha zinatoka wapi. Akasema kuna akiba kidogo. Nikaamini, maana dereva wa serikali huwa na vijisafari na posho zake, nikajua aliweka. Hapo sasa inabidi nieleze habari ya ng'ombe, la sivyo mtaniona nimekasirika bure.

Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Mvua za huku mnazijua: zinanyesha kwa jirani, kwako zinapita na wingu lake. Kwa hiyo mtu mwenye ng'ombe huwapeleka wengine mbali, kwa rafiki, amfugie. Masharti anayajua hata mtoto. Maziwa ni ya mfugaji, mbolea ni yake, akitaka kulimia maksai alime. Lakini ng'ombe ni wako, na ndama ni wako. Na wewe mwenye ng'ombe hutakiwi kuuliza habari za maziwa. Ukiuliza maziwa, umemwita rafiki yako mwizi.

Ng'ombe wetu walikuwa kwa Lameck, upande wa Kibaigwa. Lameck na Kefa waliingia jando pamoja, wanaitana ndugu kuliko ndugu wa tumbo. Na ng'ombe wenyewe hawakuwa wa kununua, walikuwa mahari ya binti yetu Ester. Kwetu mahari ya dada ndiyo inayomuoza kaka. Ester alipoolewa, wale ng'ombe walikwenda kwa Lameck wamsubiri mdogo wake, Abeli, mpaka apate mchumba. Ng'ombe hao hawaguswi. Mzazi akiwagusa, amemla mwanawe.

Abeli ni mwalimu wa shule ya msingi huko Chemba. Akatupigia simu kwamba amepata mchumba, Emiliana, binti wa Kisandawe anayefundisha naye. Nilifurahi nikaacha cherehani siku nzima. Kaka mkubwa wa Kefa, Mzee Bartolomayo, akapeleka posa, ikapokelewa vizuri. Baba wa binti, Mzee Nikolaus, akataja ng'ombe watano, majike, wenye uwezo wa kuzaa, na akasema waziwazi kwamba vikongwe hapokei.

Abeli alikuja nyumbani likizo tukakaa tupange. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ng'ombe wake wapo kwa baba yake mdogo Lameck, na tangu Ester aolewe bila shaka wamezaliana. Nikamgeukia Kefa aseme wamefika wangapi. Kefa alikuwa anaangalia kikombe chake.

"Yupo mmoja," akasema. "Yule mkongwe."

Abeli akauliza wengine wako wapi. Kefa hakuficha, hilo nampa. Alieleza kama anavyotoa taarifa ya safari kwa mkubwa wake. Mifuko ya hewa na kompresa, fahali na mtamba. Giaboksi, majike wawili na ndama zao. Sensa na bushi, waliobaki. Kila mara alikwenda Kibaigwa mwenyewe, wakachaguliwa, wakapelekwa mnadani. Lameck hakuwa na la kuzuia, ng'ombe si wake. Mara moja tu alimwambia, "Kefa, hawa ni wa Ester." Kefa akamjibu kwamba atawarudisha.

Yaani mimi nilipanda kiti cha nyuma nikajiona mke wa balozi, kumbe nimekalia mahari ya mwanangu. Abeli akasimama, akatazama nje kupitia mlangoni.

"Kwa hiyo mke wangu ndiye huyo amelala pale nje," akasema.

Maana asubuhi ile lilikuwa limelala tena. Akachukua begi lake akaondoka, hakumuaga baba yake. Tangu siku hiyo akawa ananipigia mimi tu, Jumapili baada ya ibada, na hamuulizii baba yake hata kwa bahati mbaya. Nikijaribu kumtaja, anasema salio linakwisha.

Mzee Bartolomayo akarudi Chemba kwa aibu kuomba muda. Mzee Nikolaus alimsikiliza kwa heshima, akasema atasubiri mavuno ya mwaka kesho yaingie ghalani. Yakiingia bila ng'ombe, atarudisha vitu vya posa, kwa sababu kuna familia nyingine imebisha hodi na yeye hana binti wa kuzeekea nyumbani. Mzee wa watu hakukosea. Ningekuwa mimi nisingesubiri hata hayo mavuno.

Maneno niliyomwambia Kefa wiki ile sitayarudia hapa, mimi ni mshirika wa kanisa. Nilikuwa na hasira hadi mikono ikakataa kushona, nikaharibu kola za shule nzima. Nilimwambia auze gari. Mtaani nako habari zikafika, na watu wa Kikuyu hawana huruma. Wakipita wananiambia pole Mama Mheshimiwa, ng'ombe wa maskini hazai. Kefa alikuwa mtu wa kuchekesha, akawa anakula, anashukuru, anatoka kukaa ndani ya gari lililozimwa. Nilimuonea huruma na bado nilitaka kumpiga na mwiko.

Katika kipindi hicho akafanya kosa ambalo nashindwa kulisamehe kwa mtu aliyezaliwa hapa. Pampu ya maji ya injini ilikuwa inavuja, na ile kulanti ya kupozea ni ya kununua. Ng'ombe wa kuuza hakuna tena. Basi akawa anajazia rejeta kwa maji ya bomba letu, kila asubuhi, miezi. Maji ya Dodoma. Maji haya ukichemsha chai wiki mbili, birika ndani linakuwa na ukoko mweupe mgumu kama chokaa, mpaka uubandue kwa kisu. Siku mshale wa joto ulipopanda ndipo akalipeleka kwa Zaidi. Zaidi akafungua rejeta, akamuita aangalie. Njia zote zilikuwa zimeziba kwa chumvi. Akamuuliza, "Mheshimiwa, nyumbani kwako hakuna birika?" Aliiosha kwa dawa, ikazibuka nusu, akasema nusu nyingine hawezi kuahidi, liendeshwe asubuhi au jioni, jua la mchana lisiguswe.

Wanunuzi walikuja. Mmoja alisikiliza injini akacheka. Dalali mmoja aliyevaa saa tatu mkono mmoja akasema gari kama hili siku hizi linauzwa kwa kilo, na bei aliyotaja isingenunua mtamba, labda mbuzi wawili waliokonda. Kefa akasema haliuzwi. Nikaingia ndani nikafunga mlango, maana ningebaki pale angeuzwa yeye.

Ndipo akaja Lameck. Alikuja na lori la mahindi lililokuwa linakwenda mjini, akashuka barabarani akatembea. Akabisha hodi, akatusalimu kwa Kigogo, nikamuitikia kwa shingo upande. Moyoni nilikuwa na neno naye pia. Alikunywa maziwa ya ng'ombe wetu miaka yote, na walipokuwa wanauzwa mmoja mmoja hakutuma hata salamu kwangu. Nikamletea maji ya kunywa, basi. Chakula sikupika.

Wakakaa. Kefa akamueleza yote: Abeli, Mzee Nikolaus, mavuno, dalali. Lameck akatoka nje akalizunguka gari, akapiga magoti akatazama chini, akarudi.

"Ulinipa ng'ombe nikawafuga," akasema. "Nipe na hili, nilifuge."

Nilidhani anatania, nikacheka. Hakucheka. Akasema Kibaigwa msimu wa mahindi watu wanaoa kila Jumamosi, matajiri wa mahindi wanatafuta gari jeusi la kubebea bibi harusi hadi Morogoro, na hili ukiliosha hakuna anayejua lina ugonjwa gani. Atalikodisha kwenye harusi. Masharti ni yale yale ya siku zote. Kefa akaanza kumueleza maradhi ya gari, kama mtu anavyotakiwa kueleza akitoa ng'ombe mgonjwa: usiku linalala, asubuhi lisubiri linyanyuke kwanza, gia ibadilishwe taratibu, lina kiu, lisipelekwe jua la mchana, na maji ya bomba marufuku. Mzee Bartolomayo akaitwa awe shahidi, wakashikana mikono.

Nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Shemeji Lameck, ulianza na maziwa, sasa unachukua na zizi?" Mzee Bartolomayo akanikemea. Lameck akaniambia tu kwamba amesikia, shemeji, akaondoka nalo polepole jua likiwa limeshapoa. Kefa alisimama njiani mpaka lilipopotea. Mimi kwa upande mmoja nilifurahi, uwanja wangu umerudi, nikaanika nguo pale lilipokuwa linalala.

Miezi ikapita, Lameck kimya. Watu waliotoka safari ya Dar wakawa wananiletea habari: tumeliona gari la Mheshimiwa Kibaigwa, lina maua na riboni, linapigiwa vigelegele. Wengine wameliona Mbande, wengine Gairo. Kila habari ilinichoma. Watu wanalipa, bibi harusi wanabebwa, na mwanangu mwenyewe hana cha kumpeleka kwa wakwe. Nikamwambia Kefa aende akadai. Akaniambia mtu haulizi habari za maziwa. Nikamwambia huyo si ng'ombe, hilo ni gari. Akasema walipatana kama ng'ombe. Nikamwambia basi aende akasalimie tu, atazame kwa macho. Hakwenda. Nilijua sababu, ingawa hakuisema: kwenda kwa Lameck ni kusimama mbele ya lile zizi alilolimaliza mwenyewe.

Mavuno yakaja. Mtama ukakatwa, mahindi yakaanza kupita barabarani kwa malori. Abeli akanipigia akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Mzee Nikolaus ameuliza, na kwamba Emiliana amekonda. Nikamwambia tuombe Mungu. Akasema ameshaomba. Nilipokata simu nilikaa chini nikalia, kwa sababu sikuwa na kingine.

Wiki hiyo hiyo, siku ya kazi, saa za asubuhi, lori la mahindi likasimama barabarani. Akashuka Lameck. Alikuwa amebeba kichwani boneti la gari, jeusi, na mkononi amefunga kwa kamba vibao vyake viwili vya namba. Akaingia uwanjani, akalilaza boneti chini mbele ya Kefa, vibao juu yake, akakaa kwenye kigoda.

Mgeni angedhani ni wazimu. Sisi tulielewa hapo hapo. Ng'ombe wa watu akikufia, humpigii mwenyewe simu useme amekufa. Unachuna, unabeba ngozi, unakwenda nayo hadi mlangoni, uiweke chini aione kwa macho yake, akuulize maswali. Ukija bila ngozi umeuza. Ukija na ngozi, hudaiwi.

Kefa akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya lile boneti. Akauliza alikufa vipi. Lameck akaeleza: harusi ilikuwa ya asubuhi, lakini mchungaji alichelewa, picha zikachelewa, jua likawakuta njiani kabla ya Gairo. Mshale ukapanda. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anaendesha, akasimama, akazima, akasubiri. Alipowasha tena injini ikagonga mara tatu ikashika, haikuzunguka tena. Fundi wa Kibaigwa akafungua, gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, maji yameingia kwenye oili. Akataja walioshuhudia, wawili, na majina ya baba zao. Bibi harusi alimaliziwa safari kwa bodaboda.

"Alikufa kwa kiu," akasema Kefa.

"Kwa kiu," akasema Lameck.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nitasema nilivyojisikia: nilitaka kulichukua lile boneti niwapige nalo wote wawili. Mavuno yameingia, mwanangu anakosa mke, na wanaume wazima wanaomboleza bati. Nikasema, "Shemeji, hilo nalo nimpelekee Mzee Nikolaus?"

Lameck hakukasirika. Alikuwa anamtazama Kefa, anangoja kitu, na Kefa hakuwa anakisema. Mwisho Lameck akamwambia kwamba bado hajauliza.

Kuna swali moja ambalo mwenye ng'ombe huuliza akishaipokea ngozi. Kefa alilijua. Nadhani hakuliuliza kwa sababu hakujiona na haki ya kuliuliza. Sasa akaliuliza.

"Ameacha ndama?"

"Watano," akasema Lameck. "Wote majike. Wawili wana mimba."

Lameck akaanza kueleza bila haraka. Harusi za kawaida, zile za hapa na hapa, alizihesabu maziwa. Amekunywa, amelipia watoto shule, hafichi, ni haki yake. Harusi za matajiri, zile za kwenda Morogoro, alisema hizi ni uzao, hizi si zangu. Akitoa mafuta na fundi, kilichobaki ananunulia mtamba. Wako zizini kwake, ameshawatia alama ya Kefa sikioni.

Kefa akamuuliza kwa nini hakusema mwaka mzima, watu wanakonda huku.

"Mwenye ng'ombe ndiye anayekuja kuona ndama," akasema Lameck. "Nilikusubiri. Hukuja."

"Niliona haya," akasema Kefa.

Mimi nikaenda jikoni. Nikasonga ugali, nikamchinjia kuku yule mtu niliyemnyima chakula mara ya kwanza, na nilivyokuwa nalia sijui kama kuku alichinjwa au alizama. Nikarudi nikampigia Abeli, nikaweka sauti ya nje, nikamwambia asikate, baba yake anataka kusema. Kefa akaishika simu kwa mikono miwili.

"Abeli," akasema, "ng'ombe wa dada yako niliwala mimi. Hao hawarudi. Wapo wengine watano kwa baba yako mdogo Lameck. Ni wangu, na ninakupa wewe. Mwambie baba yake Emiliana atengeneze zizi."

Tulisikia watoto wa shule wakipiga kelele upande wa pili, na kengele ikagongwa. Nikadhani amekata. Nikanyoosha mkono niichukue simu.

"Shikamoo, baba," akasema Abeli.

Kefa akafungua mdomo, sauti haikutoka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, anatutazama kama anayetuomba tumsaidie. Lameck akamshika bega.

"Mwitikie, Kefa. Mtoto amekusalimu."